Damu ya Makame na Jina la Mjukuu

Hapo zamani, si zamani ya mazimwi bali zamani ya juzi tu, Pemba palikuwa na mpika halua akiitwa Time binti Shaame. Time alikuwa mnene. Akipita kichochoroni, anayekuja humpisha. Mumewe, Makame, alikuwa mwembamba kama ufito, ila kitumbo kidogo kilichochungulia chini ya shati, nacho hakuna aliyekijali.

Makame alikuwa na dada, Mize, mwenye ulimi wa upupu. Kila akija, hata hajakaa, huanza:

"Wifi, utakufa na minofu hiyo! Utamwachia kaka yangu msiba."

Time huendelea kukoroga halua yake. Kesho Mize yuko mlangoni. Kesho kutwa yuko mlangoni. Mwisho Time akautupa mwiko chini.

"Haya! Nitakwenda hospitali. Lakini nikichomwa sindano mimi, na kaka yako achomwe!"

Makame akacheka. "Mimi nina nini? Upepo ukivuma nashika nguzo." Lakini akaenda, ili nyumba itulie.

Huko walimkuta Daktari Subira, mwanamke asiyeridhika na mizani peke yake. Akawatoa damu wote wawili.

"Mafuta ya mwilini hayakulala tu kama gunia ghalani," aliwaambia. "Yanatuma wajumbe kwenye damu. Mmoja, leptini, huuambia ubongo: tumeshiba, acha kula. Akizidi mno, ubongo humzoea, haumsikii tena. Mwingine, adiponektini, huusaidia mwili kutumia sukari na huilinda mishipa. Huyo akipungua, mimi hupata wasiwasi."

Wakarudi kungoja majibu. Makame aliyekwenda kwa mzaha akakosa raha. Akikaa, anasimama. Akitoka barazani, anarudi ndani. Ukimuuliza ana nini, anasema joto.

Siku ya majibu Mize akafuatana nao, masikio wazi, apate kusikia wifi yake akisomewa makosa.

"Mama," daktari akamwambia Time, "leptini yako iko juu, na uzito huu tutaushughulikia. Lakini mlinzi wako, yule adiponektini, yupo wa kutosha, na sukari yako ni nzuri." Akamgeukia Makame. "Baba, wako wewe karibu hayupo. Alama hiyo peke yake si hukumu, ndiyo maana nikapima na sukari. Imepanda. Mafuta yako hayaonekani kwa macho. Yamejificha tumboni, yamelizunguka ini."

"Mmechanganya vichupa!" Makame akapiga kelele. "Mnene ni huyu!"

Daktari akampima tena. Majibu yakawa yale yale. Makame akatoka kwa hasira, dawa alizopewa akaziacha mezani. Basi Subira akamfuata nyumbani. Akafukuzwa. Akarudi. Akafukuzwa tena, akakaa barazani na dawa zake mapajani, mpaka Makame akaona haya, akazipokea.

Lakini asubuhi alimeza dawa, na jioni alikomba karai la halua. Time alimwona. Halua ile aliirithi kwa mama yake. Ndiyo iliyompa jina mjini. Hata hivyo siku moja akauzima moto, karai akampa binamu yake wa mji wa mbali. Tangu hapo mikono yake ikakosa pa kukaa. Akizungumza na wageni, inakoroga hewa. Kila asubuhi akamtoa mumewe kwenda shamba kwa miguu, wakigombana njia nzima, yeye akihema nyuma.

Sukari ya Makame ikashuka. Kitumbo kikanywea. "Ungechelewa," daktari akamwambia, "ungeweza kupoteza macho, au figo, au roho."

Mwaka uliofuata binti yao Jokha akajifungua mtoto wa kike, na wakwe zake wakampa Makame heshima ya kumpa jina. Makame akatangaza: "Mjukuu wangu ataitwa kwa jina la aliyeniokoa."

Ikafika siku ya akika, karamu ya kumpa mtoto jina. Wanawake watatu wamekaa, daktari naye kaalikwa, hakuna aliyetulia.

Mize akaanza. "Jina ni langu. Bila kelele zangu, nani angekanyaga hospitali?"

"Kelele zako zilikuwa matusi," Time akajibu, "na ulimtukana asiyekuwa mgonjwa. Jina ni langu. Mimi ndiye niliyeshikilia kuwa naye atolewe damu. Nami nimelizima jiko la mama yangu kwa ajili yake."

"Ulishikilia kwa hasira, si kwa kujua!" Mize akadakia. "Na sukari hiyo aliikomba kwenye karai la nani?"

Daktari Subira akainua uso. "Sikuja kudai. Lakini mkiuliza, nitasema. Nyote mlimtazama mkaona mzima. Mimi niliuona ugonjwa ambao hata yeye aliukana, na nikavumilia kufukuzwa."

"Kuona ni kazi yako," Time akasema taratibu. "Na kama nisingemleta, ungemwonea wapi?"

Mtoto akalia. Jokha akamweka mikononi mwa baba yake. Makame akamtazama dada yake, akamtazama mkewe, akamtazama daktari.

Nanyi mliokaa hapa mkanisikiliza, mtoto analia na watu wanangoja. Mize aliyewasukuma, Time aliyemleta na kuacha halua yake, Subira aliyeuona ugonjwa na asikubali kuondoka: je, mtoto huyu alistahili jina la nani?