Wimbo wa Kuwatoa Sungura

Hapo zamani, si zile za wanyama kusema bali hizi za karibu ambazo wenye nazo bado wanazionea haya, palikuwa na mama mmoja aitwaye Nyamizi. Mumewe alikufa, watoto wake wawili walikufa, akabaki na Minza, binti wa miaka mitano. Kila asubuhi alimpeleka shule ya chekechea, na kila asubuhi alimwambia neno lilelile: afanye anachoambiwa na mwalimu. Na Minza alikuwa mtoto wa kufanya anachoambiwa. Laiti angekuwa mtundu.

Mwalimu wa chekechea alikuwa Kwandu, msichana aliyefundisha kwa michezo. Wiki ya soko watoto waliuziana majani na kuhesabu vijiti. Wiki ya hospitali walifungana vidonda kwa vitambaa. Msaidizi wake alikuwa Bi Holo, mama mtu mzima mwenye kayamba, ambaye hakwenda shule hata siku moja lakini kila mchezo aliutungia wimbo. Watoto waliokuja wakinyonya vidole walijua kuhesabu hadi ishirini kabla ya mavuno. Walioyaona hayo hawakuyasema, maana watu wa pale walikuwa hodari wa kusema mabaya tu.

Ikaja wiki ya sungura. Nyuma ya shule palikuwa na uwanja wa vichaka na vichuguu, na yale mashimo mapana anayochimba muhanga akitafuta mchwa. Watoto walijificha humo, wakanyamaza, wakasubiri. Mwalimu Kwandu aliwapa sheria moja.

"Simba ni mjanja," aliwaambia. "Atakuita kwa jina. Ataiga hata sauti ya mama yako. Usitoke mpaka usikie wimbo."

Na wimbo ulikuwa wa Bi Holo: toka sungura, toka, simba kashalala.

Siku ya nne, watoto wakiwa mafichoni, Mwalimu Mkuu Lubango alitembelewa na kamati ya wazazi. Wazazi walikuwa wamekuja na malalamiko yao, kwamba watoto wanaimba tu, kuandika hawaandiki. Lubango akatoka ofisini amekunja uso. Akamwambia Bi Holo mbele ya wageni kwamba shule si ngoma, achukue kayamba lake aende zake, na kwamba hataki kusikia tena mtu akiimba. Bi Holo alichukua kayamba lake, hakumuaga mtu, akashika njia ya kijiji cha dada yake ng'ambo ya mto.

Mvua ikaanza. Kwandu akawaita watoto kwa majina. Kwanza waligoma, kisha matone yalipokuwa makubwa wakatoka mbio, mmoja mmoja, wakicheka. Kwandu hakuwahesabu. Asiyemwona alidhani amekimbilia kwao.

Nyamizi alipokuja kumchukua mwanawe hakumkuta. Kijiji kizima kikaingia uwanjani. Waliita Minza, Minza, mpaka giza likaingia, wakaita mpaka sauti zikawakauka, na Nyamizi aliita kuliko wote. Minza alikuwa shimoni, hatua chache tu kutoka pale, maji yamemfika kiunoni. Alisikia. Alisikia kila wito.

Kulipokucha Bi Holo akarudi, akaambiwa. Hakungoja mtu amzuie. Alikwenda uwanjani, akatikisa kayamba, akaimba. Hajafika katikati ya wimbo, Minza akatoka shimoni, matope mwili mzima, viganja juu ya kichwa kama masikio.

"Mama, simba aliniita sana," alisema. "Sikutoka."

Homa ilimshika wiki tatu. Ilipoondoka, iliondoka na kusikia kwake. Mtoto aliyekuwa akicheza hata kwa mlio wa kinu, sasa hata radi haimgeuzi shingo.

Wazee wakakaa baraza. Wakasema mmoja mwenye kosa atafukuzwa shuleni na kijijini, asirudi tena, na atakayemtaja ni Nyamizi, kwa kuwa uchungu ni wake. Nyamizi alikuja amembeba Minza, amejaa hasira. Alitaka kumwona mtu akiondoka na mzigo wake kichwani, wa kumlaani mpaka anaingia kaburini.

Lubango akasema: "Kosa si langu. Mimi nilikataza kelele, sikumtia mtoto shimoni. Na waliotaka kelele zikome ni hawa hawa waliokaa hapa."

Wazazi wakatazama chini.

Bi Holo akasema: "Kosa si langu. Nilifukuzwa mbele za watu kama mbwa aliyeingia jikoni. Tena ni mimi niliyemtoa."

Nyamizi akamuuliza ilikuwaje akaondoka na wimbo wake akijua watoto wangali mafichoni. Bi Holo akaketi, akaligeuzageuza kayamba lake.

Ikawa zamu ya Kwandu. Alisimama, akamtazama Nyamizi usoni.

"Kosa ni langu," alisema. "Sheria ya simba niliitunga mimi, na watoto sikuwahesabu. Ukinitaja nitaondoka. Lakini tuseme yote, Mama Minza. Jioni ile niliukumbuka wimbo, nikaanza kuuimba. Nani aliniziba mdomo?"

Karibu wote pale barazani walikuwapo jioni ile. Desturi yao ni kwamba mtu akipotea haimbwi mpaka aonekane, maana kumwimbia ni kumlilia kabla hajafa. Nyamizi alipomsikia Kwandu akiimba alimrukia, akamziba mdomo kwa kiganja, akamwambia asimfanyie mwanawe matanga angali hai. Siku ile hakuna aliyemlaumu. Wengine hata walimsaidia kumshika mwalimu mikono.

Nyamizi akakitazama kiganja chake. Minza alikuwa mapajani pake, akitazama midomo ya watu mmoja baada ya mwingine, akijaribu kujua wanasema nini. Wazee wakamwambia Nyamizi, haya, taja.

Nami nawaambia nyinyi mlioshiba mkakaa kunisikiliza, nyinyi msiofiwa na wawili mkabakiwa na mmoja. Kuna aliyeukataza wimbo, kuna aliyeondoka nao, kuna aliyemfundisha mtoto kuiogopa sauti ya mama yake, na kuna mama aliyeuzima kwa mkono wake mwenyewe. Mngekuwa Nyamizi, mtoto yuko mapajani na watu wote wanawatazama, je, mngemtaja nani?