Kalamu ya Karani Korongo

— Mpo?
— Tupo!
— Masikio mmekuja nayo?
— Yote mawili!
— Basi yafungueni vizuri, maana hadithi hii inaudhi.

Hapo kale wanyama walipigana na fisi. Walipigana siku ya kwanza, ya pili, ya tatu. Aliyesimama mbele kabisa alikuwa Nungunungu. Alipigana mpaka miiba yake yote ikamwisha. Fisi wakakimbia, lakini walikwisha kubomoa shimo lake. Akarudi kwa mkewe, Bi Nungu, mgongo mtupu kama kiazi kilichomenywa.

Mfalme Tembo akatangaza: "Kila aliyepigana apewe pango kavu kabla ya masika." Kazi ya kugawa mapango akampa Karani Korongo.

Nungunungu akaenda.

"Shikamoo, Karani."

"Marahaba. Nani wewe?"

"Nungunungu."

"Nungunungu ana miiba. Yako iko wapi?"

"Niliiacha vitani."

"Kaifuate. Rudi kesho."

Kesho yake akaenda na shahidi, Kobe, ambaye gamba lake lilipasuka vitani.

"Nilimwona kwa macho yangu," Kobe akasema.

"Na kipande cha gamba lako kiko wapi? Kaleteni vyote. Rudini kesho."

Mvua ya kwanza ikanyesha. Watoto wa Bi Nungu wakajibanza chini ya jani la mgomba. Jani moja, jamani, watoto watatu!

Bi Nungu akasema, "Sasa basi." Akapita nyumba kwa nyumba.

"Wewe, Paa, uliambiwaje?"

"Nilete pembe iliyovunjika."

"Na wewe, Bi Kanga?"

Bi Kanga mumewe hakurudi kutoka vitani. "Niliambiwa nimlete marehemu, atie sahihi mwenyewe."

Mnacheka? Aliambiwa hivyo hivyo, neno kwa neno.

"Kwa nini tunakwenda mmoja mmoja?" Bi Nungu akauliza. "Twende wote. Na twende siku ya baraza, Mfalme akiwapo."

Wakaenda. Wa kuchechemea akachechemea, wa kubebwa akabebwa.

"Nyie tena?" Korongo akafoka. "Mfalme, hawa hawana ushahidi!"

"Sawa, baba, hatubishani," Bi Nungu akasema. "Andika tu kwamba mume wangu hakupigana, twende zetu."

Korongo akafurahi mno. Akachomoa kalamu chini ya bawa. Ilikuwa ndefu, ina mistari myeusi na myeupe, na nchani manyoya ya fisi yamegandia.

Mfalme Tembo akainyoshea mkonga.

"Karani, hiyo kalamu umeitoa wapi?"

"Niliiokota tu. Bondeni, vita vilipokwisha."

"Na vilipokuwa vikipiganwa, ulikuwa wapi?"

"Juu ya mti," Korongo akajibu kwa sauti ndogo.

Bi Nungu akaichukua. Akamgeuza mumewe, akaipachika kwenye tundu mgongoni. Ikaingia sawasawa.

Mfalme Tembo akasimama. "Mpe Nungunungu pango. Mpe Kobe. Mpe Paa. Mpe Bi Kanga. Leo!"

"Ee Mfalme, sasa sina kalamu ya kuandikia. Labda kesho..."

Hebu fikirieni! Bado anasema kesho!

"Una mdomo!" Tembo akanguruma. "Mapango nitawapa mimi mwenyewe, sasa hivi. Wewe nenda mtoni, uandike topeni majina ya wote waliopigana. Ukimaliza, njoo unionyeshe."

Jioni ile watoto wa Bi Nungu walikuwa wakavu.

Korongo naye akainama topeni. Akaandika Nungunungu. Akaandika Kobe. Akaandika Paa. Akaenda mbio kwa Mfalme.

"Nimemaliza!"

Wakaenda kutazama. Maji yalikwisha kufuta yote.

"Majina yako wapi?" Tembo akauliza.

"Yalikuwapo, Mfalme, naapa! Nimeyaandika kwa mdomo wangu!"

"Siyaoni. Rudi kesho."

Ndiyo maana mpaka leo mnamwona Korongo ameinama mtoni, anachokoa tope, anachokoa tope.

— Masikio?
— Yote mawili!
— Nendeni nayo nyumbani. Mkimkuta mtu amesimama mlangoni kwa karani, msimwache peke yake. Mimi nimekwisha sema.