Fisi Aingia Kinyumenyume

Hapo zamani za kale, enzi wanyama walipokuwa wakifagia nyua zao na kuazimana chumvi, Muhanga alichimba shimo chini ya kichuguu, akalala humo siku chache, akahama. Kwa Muhanga, shimo ni shimo tu.

Bi Nguchiro alipolikuta, aliliita nyumbani. Akalifagia, akatoboa mlango wa uani, akazalia humo. Mpangaji wake wa chumba cha mbele, Nungunungu, yeye aliliita kitanda: mchana kutwa kalala kama gogo, mgongo kaupa mlango. Jirani yao Ngiri alikuwa na shimo lake, akiliita ngome, na aliingia makalio kwanza, meno yake marefu yakitazama nje.

Asubuhi moja akapita Fisi, pango lake limejaa maji ya mvua. Akanusa mlangoni, akasikia harufu ya watoto wachanga. Papo hapo akaliita ghala.

"Wee kibibi, hama," akasema, tumbo likinguruma ngurrr. "Hapa pangu. Ukichelewa, wanao ndio staftahi yangu."

Nguchiro akawaza upesi. Kupigana hawezi. Kutokea uani na watoto, Fisi angewadaka kabla hawajafika kichakani. Lakini mdomo, mashallah, alijaliwa.

"Shikamoo mzee," akasema. "Nyumba yako hii. Nasikitikia heshima yako tu."

"Heshima yangu ina nini?"

"Majirani wanachungulia. Wakikuona umetanguliza kichwa kama mdokozi wa mboga, watasema umekuja kuiba. Mwenye nyumba huingia kama Ngiri. Umewahi kumwona akiingia kwake kichwa mbele?"

Fisi hakuwahi. Akamtazama Ngiri akirudi nyuma taratibu, kama mfalme anayekaa kitini, na hakuna aliyemcheka. Fisi, aliyechekwa tangu utotoni, akameza mate. Akauliza kama inafaa apige hodi kwanza.

Nguchiro akamshangaa. "Hodi kwako mwenyewe, mzee? Ingia kwa kishindo, wajue mwenyewe kafika."

Fisi akageuka kwa madaha. Alipogeuza uso tu, Nguchiro akawasomba wanawe, fyuu, hadi uani. Fisi akapandisha mkia, akavuta pumzi, akajirusha nyuma: puu!

Gizani mle makalio yakakutana na mgongo. Chaka-chaka-chaka, miiba ikasimama.

"Yalaaa!"

Fisi akachomoka mbio, nyuma kajaa miiba kama kichaka kilichoota miguu. Ngiri alicheka hadi akakwama mlangoni pake.

Ndani ikasikika sauti nzito ya usingizi. Nungunungu alikuwa akiuliza ni nani huyo aliyeingia bila hodi.

"Mwenye nyumba mpya, jirani," Bi Nguchiro akajibu kutoka uani, akiwalamba wanawe vumbi. "Keshahama. Wewe lala."

Basi wanangu, mlangoni kwa mtu piga hodi, hata kama una nguvu za kuung'oa mlango wenyewe.