Visigino vya Safu ya Mbele

Ndugu zangu katika imani, nipeni masikio yenu kidogo kabla hatujatawanyika. Palikuwa na mzee mmoja, katika mji usio na haja ya kutajwa, ambaye kazi yake ilikuwa kuosha maiti. Aliifanya miaka thelathini, wala hakungoja kuitwa mara mbili. Alijua maji yawe na uvuguvugu kiasi gani, alijua majani ya mkunazi yapondwe vipi, na alimgeuza maiti ubavu kwa ubavu kwa upole hata ungedhani anamgeuza mgonjwa aliyelala. Lakini watu walimpendea jambo jingine. Walikipenda kinywa chake. Alichokiona juu ya kitanda cha kuoshea hakikutoka nje ya pazia. Aliyemfundisha alimwambia kwamba maiti ana sitara yake, na mwenye kumwosha ndiye mlinzi wa sitara hiyo. Naye akaishika amana ile kwa mikono miwili.

Katika mtaa wake kulikuwa na nyumba moja. Baba wa nyumba ile alianguka asubuhi akinywa uji, umri wake miaka arobaini na mitatu. Mzee akaitwa. Alipofika miguuni, vidole vyake vikagusa kitu. Juu kidogo ya kisigino, kwenye ile kano nene, palikuwa na manundu magumu, mguu huu na mguu ule, kana kwamba mtu amepachika njugu mawe chini ya ngozi. Akayaosha, akayafunika. Miaka sita ikapita, akaitwa nyumba ile ile kumwosha mdogo wa yule baba, mtu wa miaka arobaini kamili. Manundu yale yale, mahali pale pale. Mzee akasimama na kata ya maji mkononi. Aliona, ndugu zangu. Tusimdhulumu kwa kusema hakuona. Alijiuliza, "Ni alama gani hii?" Kisha akajijibu kwamba kuuliza si kazi yake, akamimina maji.

Mtaani maneno hayakukosekana. Huyu alisema nyumba imetupiwa jicho, yule alisema siku zao zilikuwa zimekwisha, basi. Na mtu pekee aliyekuwa na jambo moja la kweli ndiye aliyekuwa kimya.

Yule baba aliacha mtoto wa kiume ambaye sasa alikuwa mtu mzima, mwoka mikate, mcheshi, mwenye kumwamkia kila mtu kwa jina. Siku moja kabla ya adhuhuri alikaa kando ya mzee penye mabomba ya kutawadhia, akapandisha suruali, akanyoosha mguu. Mzee akatupa jicho, akaganda.

"Mzee wangu," akasema mwoka mikate, akicheka, "mbona wanitazama miguu hivyo? Wanipima sanda? Mimi mrefu, utaongeza dhiraa!"

Waliokuwa wakitawadha wakaangua kicheko.

"Astaghfirullah, mwanangu, mzaha gani huo! Hayo ya nyuma ya mguu ni nini?"

"Haya? Viatu hivi. Nashinda nimesimama mbele ya tanuri, navyo vinabana. Au wewe wasemaje?"

Neno lilikuwa limeshafika ulimini. Alihitaji kusema hili tu: baba yako alikuwa nayo, na ami yako alikuwa nayo. Lakini ataitajaje miguu ya maiti mbele ya watu? Alijiona msaliti kabla hajasaliti. Akainamisha uso, akafunga bomba.

"Ndiyo, huenda ni viatu."

Maneno manne, ndugu zangu. Yahesabuni.

Miezi mitano haikutimia. Mwoka mikate alianguka mbele ya tanuri lake, mikate ya watu ikiungua ndani. Alikuwa na miaka thelathini na saba. Mzee akaitwa, akaenda, akaingia nyuma ya pazia. Aliyemsaidia kumimina maji alikuwa kaka wa mjane wa marehemu, tabibu aliyefika kutoka mji mwingine. Walipofika miguuni, tabibu akaacha kumimina.

"Mzee, baba yake alikuwa na manundu haya?"

Mzee akalitazama pazia.

"Humu tumo mimi na wewe na yeye. Nimeambiwa wewe ndiye uliyemwosha baba yake. Alikuwa nayo?"

"Alikuwa nayo," akasema mzee. "Na mdogo wake pia."

Tabibu akaiweka kata chini. "Hii ni lehemu, mafuta ya damuni. Wako watu huzaliwa yakiwa yamezidi, wameyarithi kwa baba au kwa mama kama mtu arithivyo pua. Hujikusanya kwenye kano hizi, na huku ndani huziba mishipa ya moyo. Kipimo chake ni damu kidogo. Dawa ipo, ni vidonge. Wengi huvimeza maisha yao yote wakazeeka. Mzee, dada yangu aliniambia mumewe haumwi chochote, na ukoo wao hauna maradhi. Hivyo ndivyo alivyoambiwa siku ya posa."

Mzee alisikia maji yakidondoka kutoka kitandani hadi sakafuni, tone baada ya tone, wala hakuweza kuinua mkono wake. Ikambidi tabibu amalizie mguu wa kushoto.

Jeneza likapelekwa msikitini. Jamaa wa marehemu walisimama safu ya mbele, na mzee akasimama nyuma yao. Nanyi mnajua, swala ya maiti haina rukuu wala sijda. Mtu husimama tu, macho chini. Takbira ya kwanza ikapita. Kabla ya takbira ya pili, mzee akaona kilichokuwa mbele ya macho yake: visigino vya safu ya mbele. Mdogo wa marehemu ana manundu. Wa tatu kutoka kwake, mtoto wa ami yake, ana manundu. Mwisho wa safu, kijana wa miaka ishirini wa ukoo ule ule, ndiyo kwanza yanaanza, kama punje ya choroko. Watatu hao walikuwa hai, wamesimama, wakimwombea mwenzao.

Salamu ilipotolewa, watu wakainama kulibeba jeneza.

"Msiinue!"

Hakuna aliyewahi kusikia sauti hiyo ikipanda.

"Wenye damu ya nyumba hii, shikeni nyuma ya miguu yenu. Manundu mliyo nayo nimeyaona kwa huyu, na kwa baba yake, na kwa ami yake. Nilinyamaza. Mwende mkapimwe damu."

Mjomba wa marehemu akamkabili, mishipa ya shingo imemtoka. "We mzee, umepatwa na nini? Wamvua nguo maiti wetu mbele za watu? Miaka yote hii tukikuamini!"

"Nilimsitiri baba yake," akasema mzee, "na leo nimemwosha yeye. Hawa watatu sitaki kuwaosha."

Tabibu akauliza, "Na dada wa marehemu yuko wapi?"

"Yu nyumbani na wanawake," akasema mjomba. "Dada ana nini? Nyumba hii hufa wanaume."

"Nani amemtazama?"



Sasa tujiulize sisi. Sitara ni ya aibu. Je, ugonjwa ni aibu? Aliyekatazwa kutangaza ya maiti, alikatazwa pia kumwokoa aliye hai? Tunamlaumu mzee, na ilhali sisi sote tumeosha na kunyamaza. Tukiulizwa marehemu alikufa na nini, tunajibu, "Aliumwa kidogo tu." Tabibu anatuuliza kama ukoo wetu una maradhi ya moyo, nasi tunasema hakuna, upesi upesi, kwa sababu mama mkwe amekaa pale, au binti hajaposwa. Na jueni kwamba wengi hawana nundu wala doa. Alama yao pekee ni umri wa waliotangulia: huyu arobaini na mitatu, yule arobaini. Alama hiyo haionekani kwa macho. Imo katika kumbukumbu za wazee wetu, na wazee wanaondoka.

Basi leo hii, ukifika nyumbani, keti na mama yako, au shangazi, au yeyote aliyebaki. Muulize babu alikufaje, na akiwa na miaka mingapi. Muulize habari za ami na za mashangazi pia. Kisha uyapeleke majibu kwa tabibu, na uwaambie wanao, wa kiume na wa kike. Na akikwambia, "Mwanangu, ya nini kufukua, hayo yameshapita," mshike mkono umjibu kwa adabu: hayajapita, mama, huenda yamo ndani yangu.