Tangi la Bibi Mwamvita

Aliyenisimulia kwanza habari hii ni wifi yangu Zaituni, jioni moja tukichambua mchele. Naiandika kama alivyoisema.

Hapo zamani, lakini si zamani sana, maana maji ya bomba yalikwishafika Ujiji, palikuwa na mjane aliyeuza chai na vitumbua. Jina lake Bibi Mwamvita. Mgahawani mwake mlikuwa na tangi la kioo, na ndani yake samaki wa ziwani wenye mistari ya njano. Marehemu mumewe ndiye aliyewashika na kuwafuga.

Bibi Mwamvita aliishi na Chausiku, binti wa kaka yake, hodari wa usafi. Siku moja Chausiku akaiona sponji ya kwenye chujio la tangi. Nyeusi, ina utelezi. Akaitoa, akaifua kwa sabuni, akaisuuza kwa maji ya bomba mara tatu, akairudisha kama mpya.

Siku ya tatu samaki mmoja akapanda juu ya maji, akahema, akashuka, akafa. Siku ya nne wakapanda wawili, wakahema, wakashuka, wakafa. Siku ya sita akabaki jike mmoja. Naye akapanda, akahema, akashuka. Koo limevimba, na chakula hagusi.

Bibi Mwamvita akaketi mbele ya tangi. "Huyu ndiye wa mwisho aliyeshikwa na mikono ya mume wangu," akasema. "Atakayeniokolea huyu, lile tangi jingine la marehemu, lililoko chumbani kwangu, ni lake."

Akachukua kidonge cha rangi mbili, kile ambacho watu hukifungua wakamwagia unga wake kwenye vidonda. Akakifungua juu ya maji.

"Bibi, usimwage."

Aliyesema ni Ruhuzi, mzamiaji aliyekuwa akishika samaki wa mapambo na kuwatunza kwenye mapipa mpaka wauzwe. Alikuwa kwenye kigoda, kitumbua mkononi.

"Koo hilo si ugonjwa," akasema. "Ana watoto mdomoni. Samaki hawa hulea kinywani, na akilea hali chakula. Mtie dawa, atawatema kabla ya wakati."

"Na kuhema je?"

"Kuhema ndiko ugonjwa. Nani alifua sponji?"

Chausiku akatazama miguu yake. "Mimi. Ilikuwa inanuka."

"Katika ule utelezi wamo wadudu wasioonekana kwa macho. Hao ndio wanaokula sumu ya mkojo wa samaki. Ulipoifua sponji, uliwafua nao."

"Tutawapata wapi wengine?"

"Kwa mtu mchafu," akasema Ruhuzi, akauma kitumbua.

Wote wakageuka kutazama ng'ambo ya barabara, kwa Sikujua, muuza mkaa. Naye alikuwa na tangi. Maji yake ya kijani, sponji haijaguswa mwaka mzima, na mtaa wote ulimtania kwamba samaki wake wanaoga tope.

Chausiku akamwendea. Sikujua akamsikiliza mpaka mwisho.

"Leo mnanijua," akasema. "Si wewe uliyeniambia niazime brashi?"

"Ni mimi, dada. Nisamehe."

"Nikikupa, wangu wakihema nani atanilipa?"

Sikujua akaguna, akachukua kisu, akaikata sponji yake katikati, akaleta nusu mwenyewe ndani ya bakuli la maji ya tangi lake ili isikauke.

Ikatiwa kwenye chujio, ikabaki kazi ya maji. Ruhuzi akasema maji ya bomba yana dawa inayoua wadudu hao, lazima yalale kwenye ndoo wazi usiku na mchana. Kila siku robo ya maji ya tangi itoke, robo iliyolala iingie, na isiwe baridi. Chausiku akabeba ndoo. Akapima joto kwa kiwiko, kama tunavyopima maji ya kumwogeshea mtoto.

Siku ya kwanza samaki akapanda, akahema, akashuka. Siku ya tatu akapanda mara moja tu. Siku ya tano hakupanda.

Siku ya kumi na mbili, mgahawa umejaa, jike akafungua mdomo. Akatoka mtoto mmoja, ana mistari yake kamili. Wakatoka wawili. Wakatoka wengine. Bibi Mwamvita akawahesabu mara tatu kwa kidole kwenye kioo: kumi na mmoja. Wateja wakasimama juu ya mabenchi, chai ikapoa, Bibi Mwamvita akapiga kigelegele ambacho hakuwa amekipiga tangu afiwe.

Kisha wakaja watatu mbele yake kudai lile tangi la chumbani.

Ruhuzi akasema, "Bila macho yangu mngemtia dawa. Tangi ni langu."

Sikujua akasema, "Macho yako yalikaa kwenye kigoda. Uhai ulitoka kwenye sponji yangu, na mimi siku tano sikulala nikihofia wangu."

"Sponji yako ni uvivu wako," akasema Ruhuzi. "Mtu anazawadiwa kwa uvivu?"

Chausiku akasema polepole, "Mimi ndiye niliyekosea, sikatai. Lakini sponji bila maji isingemfaa. Nimebeba ndoo siku kumi na mbili."

"Ulizima moto uliouwasha mwenyewe," akasema Sikujua.

Bibi Mwamvita akashindwa kuchagua. Tangi la kioo huwezi kulikata vipande vitatu likashika maji.

Hapo Zaituni akainuka kwenda kuinjika wali, akaniacha na swali hilo.

Asubuhi yake nilimpeleka mwanangu kliniki kupimwa uzito. Kwenye foleni ile huwa nakaa kimya mpaka niitwe. Siku hiyo niliwasimulia wanawake wa benchi letu, kuanzia sponji mpaka kigelegele. Mmoja akasema apewe Sikujua, mwenzake akamwambia, "Wewe unatetea uchafu kwa sababu unaujua." Nesi aliita jina la mwanangu mara mbili, sikusikia. Nilikuwa nimesimama, mtoto mgongoni, nikiwauliza kama ninavyokuuliza wewe: tangi ni moja. Je, kati ya hao watatu, ungempa nani?