Mkanda wa Kinu

Hapo zamani, enzi za vita kuu, kulikuwa na ndege iliyojua kuelea. Haikuwa na magurudumu, ilikuwa na maboya chini ya tumbo, na jeshi la Japani liliifunga katika ghuba ya kijiji kimoja cha wavuvi. Alfajiri iliruka kwenda kuzisaka manowari za adui, jioni ikatua majini. Vijana wawili wa kijiji hicho ndio walioipanda: Masaki mbele akiirusha, Tatsuo nyuma na ramani yake.

Desturi ya huko, mwanamume akienda vitani, mwanamke wa nyumbani kwake humshonea mkanda. Husimama darajani, amwombe kila mwanamke apitaye afunge fundo moja la uzi mwekundu, mpaka yatimie elfu. Mkanda uliotimia, walisema, humrudisha mtu kwao. Kinu, dada yake Masaki, alizaliwa mwaka ambao kalenda ya huko huuita wa simbamarara, mnyama aendaye mbali na kurudi, kwa hiyo yeye aliruhusiwa mafundo mengi kulingana na umri wake. Aliyabananisha kwenye pembe moja, na aliyajua kama vidole vyake.

Siku moja ndege haikurudi. Jeshi likasema imepotelea bahari kuu. Vita vikaisha, miaka ikaenda, makaburi mawili matupu yakasimama mlimani. Kinu hakuamini neno. Kila alipokutana na Bi Ume, mama yake Tatsuo, alisema moyoni: mwanao aliruka akajiokoa, akamwacha ndugu yangu, na wewe unajua aliko. Bi Ume naye alimtazama kwa jicho hilo hilo. Wakasalimiana kwa adabu, kila mmoja na lake.

Tena kulikuwa na Heisuke, mvuvi. Wenzake wakirudi mikono mitupu, yeye anarudi na samaki. Mtu wa hivyo mimi simwamini, na Kinu hakumwamini. Siri ya mtungi aijuaye kata. Akamvizia kutoka jabalini, akamwona anasimamisha mashua pale pale pa kila siku, anamwaga wali na chai, anainamisha kichwa. Nani hulisha maji kama hakuna mtu chini?

Kinu akaenda mjini, akamleta Kuniyoshi, mzamiaji aliyeopoa vyombo vilivyozama vitani. Kuniyoshi akazama, akaibuka, akasema ndege ipo, imelala kifudifudi matopeni. Wakaifunga minyororo, wakaivuta mpaka pwani, kijiji kizima kikitazama. Ndani viti vilikuwa vimepondana, hujui cha mbele wala cha nyuma. Mifupa ilikuwa ya mtu mmoja, na kiunoni palikuwa na mkanda. Wakaitia mifupa sandukuni.

Kinu akaisuuza ile pembe, akaona mafundo yake. Akalia sana. Kisha akasema, "Huyu ni ndugu yangu. Nimemtafuta mpaka nikaitwa mwendawazimu. Nipeni nikamzike."

Bi Ume akapiga magoti mbele ya sanduku la mifupa. "Mwanangu Kinu, mkanda ni wako, lakini mifupa ni yangu. Mkanda wa Tatsuo sikuumaliza. Wapitaji walikuwa wachache, nikaona aibu, nikamdanganya kwamba umetimia. Masaki aliukagua pale gatini siku ile ya mwisho, akaona mapengo, akafungua wake akamvisha mwanangu. Ningekuambiaje?"

"Nani mwingine aliona?" Kinu akauliza.

"Hakuna, mwanangu. Ni mimi tu."

Ndipo Heisuke akajitokeza. Akaeleza kwamba kwa wavuvi wa ghuba ile maiti wa baharini ni mgeni mwenye baraka za samaki, na aliyemkuta ndiye humzika na kulitunza kaburi lake. Ndege aliiona ikizama. Mmoja alitoka akachukuliwa na mkondo, uso wake hakuuona. "Aliyebaki nimemlisha mimi," alisema, "ninyi mkifukiza ubani kwenye makaburi matupu. Nipeni nimzike, hata bila jina."

"Ulimlisha ili abaki kule," Kinu akamwambia. "Ulijua tunamlilia, ukanyamaza kwa ajili ya samaki."

"Ni kweli," Heisuke akasema.

Hakuna aliyetaka mifupa igawanywe. Kuniyoshi akaliweka sanduku mchangani, akasema atakayelibeba ni mmoja, waamue wenyewe.

Kinu akabaki na mkanda mkononi, ukichuruzika maji. Kama Bi Ume anadanganya, Masaki yumo sandukuni, amerudi nyumbani. Kama anasema kweli, Masaki ndiye aliyechukuliwa na mkondo, kiuno kitupu, kwa wema wake mwenyewe. Kinu alitamani kwa moyo wote mama yule awe mwongo. Lakini alimjua ndugu yake, na kuvua mkanda akampa mwenzake ni jambo ambalo angelifanya.

Haya, msinitazame mimi, mimi sikuwapo gatini. Dada aliyeshona na kutafuta, mama aliyeficha aibu yake, mvuvi aliyemlisha na kumficha. Sanduku liko mchangani na maji yanajaa. Je, nani alistahili kulibeba?