Mabawa Mlangoni kwa Nelima

Asubuhi ya juzi, baada ya mvua ya kwanza, mlikuta baraza la shule yenu limefunikwa mabawa, mkaja kuniuliza ni ndege gani hao wanaonyonyolewa bila kuacha tone la damu. Hao si ndege. Na kabla sijawaeleza yaliyotokea, tuyaweke majina mahali pake. Kumbikumbi na mchwa si wadudu wawili. Ni ukoo mmoja. Yule mweupe anayekula nguzo za ua wenu ni mchwa, na kumbikumbi ni ndugu yake aliyeota mabawa manne, mawili kila upande, kwa ajili ya siku moja tu. Nyumba yao inaitwa kichuguu, na si kila rundo la udongo ni kichuguu.

Nilipokuwa na umri wenu, mvua ya kwanza ilikuwa na harufu iliyotufanya tuache chakula na kutoka nje. Mama yangu alisimama mlangoni, akainua pua, akasema, "Watatoka." Kisha alitafuta ungo kabla ya kutafuta kitu cha kujifunika kichwa. Kisa hiki nilikisikia kwake, akikaanga kumbikumbi juu ya kigae bila mafuta, kwa maana wana mafuta yao wenyewe. Nitakisimulia kama alivyokisimulia, na pale nitakaposahau nitanyamaza.

Zamani za kale nchi yetu haikuwa na kichuguu hata kimoja. Ardhi ilikuwa sawasawa kama ngozi iliyowambwa, na ngumu vilevile. Kumbikumbi walikuwa na mabawa mwaka mzima, na hawakuwa na nyumba. Waliifuata mvua. Iliponyesha bondeni walikuwa bondeni, na ilipohamia mlimani walikuwa mlimani. Wala hawakukaa kikao kushauriana juu ya safari. Matone yalipoanza kupiga majani makavu, mabawa yalinyanyuka yenyewe, na mwenye mabawa akachukuliwa, awe amependa au hakupenda.

Lakini mayai hayana mabawa. Yalibaki katika nyufa za ardhi, jua likayakausha. Machache yaliyoanguliwa kwa bahati ndiyo yaliyouendeleza ukoo. Hakuna mama aliyelaumiwa, kwa kuwa kila mmoja alikuwa ameyaacha ya kwake.

Miongoni mwao alikuwamo mmoja aliyeitwa Nelima, jina wanalopewa wasichana wanaozaliwa majira ya kulima. Mumewe aliitwa Khaemba. Nelima alikwisha kuacha mayai mara tatu. Mara ya nne aliyataga katika ufa, chini ya ukuta wa nyumba ya mfinyanzi mmoja mzee, Nekoye, na alipoyatazama alijua hataweza tena. Akamwendea Nekoye alikokuwa akianika vyungu.

"Kukhu," alisema, kama watoto wa upande ule wanavyowaita bibi zao, "nifunge."

Nekoye aliinama kumtazama vizuri. "Nikufunge?"

"Mabawa. Mvua ikija yatanichukua, nami nina mayai ukutani kwako."

"Mjukuu wangu," Nekoye alisema, "nimefunga mbuzi, nimefunga kuni, nimefunga hata marehemu mume wangu kwenye nguzo ya nyumba, alipotoka kwenye pombe akataka kwenda kuogelea. Mdudu sijapata kumfunga. Uzi wangu mwembamba kuliko wote utakukata kiuno."

"Basi nitafanya nini?"

"Mvua bado iko mbali. Ngoja nimalize udongo wangu, tutafikiri." Akacheka kidogo, akarudi kazini. Hakuwa mtu mbaya. Alidhani tu kwamba shida ya kiumbe mdogo nayo ni ndogo.

Hapa lazima niwaambie jinsi wafinyanzi wa ukoo wa Nekoye walivyofanya kazi, maana bila hilo hamtaelewa. Udongo mbichi waliulaza chini, wakaufunika kwa majani makavu ya mgomba ili usigande kwenye fimbo. Kisha waliuponda kwa fimbo mbili nyembamba, moja mkono huu na moja mkono ule, polepole kwanza, halafu haraka, halafu haraka zaidi, mpaka ukalainika. Kazi hiyo ilifanywa kiangazi, ili vyungu vipate kukauka kabla ya masika.

Kesho yake, jua likiwa kali na anga halina wingu hata la dawa, Nekoye alikaa chini, akanyoosha miguu, akaanza kuponda. Ta, ta. Ta, ta, ta. Fimbo zikapiga majani makavu.

Kumbikumbi waliokuwa wamepumzika katika nyasi pande zote walisikia mvua. Mabawa hayana macho, hayakutazama juu. Ukoo mzima ulinyanyuka kama moshi, maelfu kwa maelfu, katikati ya kiangazi.

Nelima alikuwa ukutani juu ya mayai yake. Mabawa yake yalifunguka, yakamvuta. Akaushika ufa kwa miguu yote sita. Miguu miwili ikaachia, kisha wa tatu. Kando yake palikuwa na kigae cha chungu kilichovunjika, chenye ukingo mkali. Alijigeuza, akaubana mgongo wake kwenye kigae kile, akasukuma. Bawa la kwanza lilikatika karibu na shina, mahali penye mstari mwembamba, kama jani lililokauka linavyoachia tawi. Hakutoka damu. Akasukuma tena, la pili, la tatu, la nne. Kisha akaanguka chali ndani ya ufa, akabaki pale, mwepesi na mzito kwa pamoja.

Khaemba aliyaona hayo kutoka juu. Aliinamisha kichwa, akajitupa chini kama punje, akajikokota hadi kwenye kigae.

"Khaemba!" aliita Murunga, mkubwa wa safari, ambaye sauti yake ilijulikana na wote. "Unataka kuwa siafu? Sisi twaenda mvuani, wewe wabaki kutambaa?"

"Mke wangu yuko chini."

"Chini ndiko wanakokwenda waliokufa!"

"Na mayai yangu yako huko huko," Khaemba alisema, akauweka mgongo wake kwenye kigae.

Wale wengine walikwenda. Mbayuwayu waliwaona, na mwewe, na kila ndege aliyekuwa na njaa siku hiyo. Nekoye alishtuliwa na kelele za ndege. Aliacha fimbo, akatazama anga lisilo na wingu, akatazama majani ya mgomba, akaona juu yake mabawa manane yaliyopeperushwa na upepo kutoka ukutani. Hapo ndipo alipoelewa ni nani aliyewanyeshea mvua ya uongo.

Hakuomba msamaha kwa maneno mengi. Alimega donge la udongo uliolainika, akaliweka mbele ya ufa, akapiga magoti.

"Nelima, ulinijia ukitaka kamba, nikacheka," alisema. "Sasa mna miguu tu, na jua hili litayamaliza mayai yenu kabla ya siku tatu. Nitazameni mikono."

Akawafundisha. Mega kidogo, changanya na mate, bandika, acha kikauke, bandika tena. Usijenge ukuta mnene kwa mara moja. Na acheni matundu, juu na chini, joto litoke na ubaridi uingie. "Chungu kisichopumua hupasuka," aliwaambia. "Na nyumba ni chungu kikubwa."

Walijenga usiku na mchana. Ndani ya ukuta ule mayai hayakukauka. Yalianguliwa, wakatoka watoto weupe, laini, wasio na mabawa wala macho ya kufaa, lakini wenye bidii ambayo haijapata kuonekana. Nao wakashika kazi. Wakachimba, wakapandisha udongo wa chini juu, wakashusha majani ya juu chini, na ardhi iliyokuwa ngumu kama ngozi ikaanza kulainika pande zote za nyumba ya Nekoye. Nelima akataga mengine, na mengine tena, mpaka tumbo lake likawa kubwa hata hakuweza kutoka katika chumba chake. Kichuguu kikaipita nyumba ya mfinyanzi kwa urefu.

Mvua ya kweli ilipofika, iliwaleta waliosalia. Walikuwa wachache. Murunga alitua mbele ya kichuguu, mabawa yake yamechanika kama jani la mgomba baada ya upepo. Hakucheka.

"Mama Nelima," aliita, "hatuna pa kukaa. Tupanulie mlango."

Sauti ya Nelima ilitoka ndani sana. "Mlango wangu umepimwa kwa mgongo mtupu, Mzee Murunga. Kuupanua siwezi."

"Basi tutapitaje?"

"Acheni mabawa nje."

"Yote?"

"Yote. Nikiruhusu moja, mvua itakapoita litamchukua mwenyewe, na mayai yatabaki. Nimekwisha kuacha mayai mara tatu. Ndani ya nyumba hii hapaachwi yai."

Mmoja mmoja waligeuka, wakayakata mabawa yao, wakaingia, kama watu wanaovua viatu mlangoni. Murunga alikuwa wa mwisho. Alisimama juu ya lile rundo, matone yakimpiga.

"Nami sikatai," alisema. "Lakini anga, Mama. Hawa watoto wako hawatalijua?"

Nelima aliusugua mgongo wake ukutani. Katika chumba kile cha giza, kila mvua iliponyesha, mgongo ulimwasha pale palipokuwa na mabawa, na hakuwa amemwambia mtu yeyote, hata Khaemba.

"Watalijua," alisema hatimaye. "Kila mwaka, kwa mvua ya kwanza, nitawatuma baadhi yao na mabawa manne kila mmoja. Waende wakaone tulikotoka. Lakini watakapotua, wayaache hapo hapo, watafute wenzao, wachimbe."

Murunga akayakata ya kwake, akaingia.

Lilibaki jambo moja. Nelima alikuwa ndani mno, asiweze kusikia matone. Akamwita Nekoye kupitia tundu la juu.

"Kukhu, masika yakifika, nipigie zile fimbo zako nijue."

"Mimi?" Nekoye alisema. "Mimi niliyewadanganya?"

"Fimbo zako ndizo ninazozijua. Na watakaoanguka katika ungo wako ni haki yako. Ila usikasirike nikituma kwanza askari wa nyumba hii kuchungulia. Mtafunwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka."

Nekoye alicheka, safari hii hadi machozi yakamtoka, na si yote yalikuwa ya kicheko. Mvua zote alizobakiwa nazo katika maisha yake hakukosa kupiga.

Kuanzia mvua ile hadi hii ya juzi, mambo yamekwenda hivyo. Watu wa upande wetu hukaa kando ya kichuguu, hutandaza majani makavu, hupiga kwa fimbo mbili, nao kumbikumbi husikia. Tazameni vizuri, mtaona tundu likifunguka, na wa kwanza kutoka si kumbikumbi bali askari wenye vichwa vikubwa vyekundu, wakichungulia kama kweli kunanyesha. Wakiridhika hurudi kando, na wale wa siku moja hupita katikati yao kwenda kuliona anga.

Siku hizi ni wachache wanaopiga fimbo. Ungo wa mama yangu uliliwa na mchwa miaka mingi iliyopita, na sikuwakasirikia. Lakini mvua ya kwanza ikigonga mabati, mimi bado huamka na kwenda mlangoni.

Basi msiyafagie yale mabawa haraka. Inameni kwanza. Mtawaona wawili wakitembea, mmoja nyuma ya mwingine, karibu sana, wakitafuta pa kuchimba. Wa mbele ni jike, wa nyuma ni dume. Waacheni wapite. Na popote mtakapokuta mabawa manne sakafuni bila mwenyewe, jueni kwamba karibu na hapo, chini ya miguu yenu, yupo mama aliyeamua kutoondoka.